Nakala Isiyolala Lushoto

Jumamosi, 8 Machi 2025

Diski zimefika na basi la jana, mbili, kila moja terabaiti 2. Ziko juu ya kabati ndani ya maboksi yake. Mpwa, mtoto wa dada wa Tanga, alitaka tuzichomeke usiku uleule baada ya futari, nimemkatalia. Kuchomeka ni kazi ya dakika moja. Kwanza nataka tuandike kwenye karatasi tunachokiogopa, maana hela ya diski hizi imetoka kwenye msimu mzima wa fomu za vyuo kwenye steshenari yangu, na mwaka huu sinunui nyingine.

Seva yenyewe haina makuu. Ni kompyuta ndogo iliyostaafishwa na ofisi moja ya Dar, iko stoo kwenye rafu iliyokuwa ya mbegu za viazi. Inakula wati 15 hivi, yaani uniti 11 kwa mwezi. Hesabu hiyo ilitangulia hesabu nyingine zote, kwa sababu nyumbani tumo kwenye kundi la wateja wadogo, na tukivuka uniti 75 kwa mwezi bei inaruka. Mama anaifuatilia mita ya LUKU kuliko taarifa ya habari.

Vilivyomo, kwa makisio:

Negativu za marehemu mjomba kutoka studio yake, fremu zaidi ya 6,000, gigabaiti 640. Harusi, maulidi, kipaimara, timu za mpira, na watu wengi waliotaka picha ya pasipoti tu wakaondoka.

Kanda za babu, thelathini hivi, gigabaiti 90. Mjomba ndiye aliyemrekodi miaka ya themanini. Babu anazungumza Kishambaa: habari za Mbegha na ukoo wake wa Wakilindi waliotawala kutoka Vuga, halafu mambo aliyoyaona mwenyewe kule Mlalo baada ya vita, serikali ya Mwingereza ilipowalazimisha watu kulima kwa matuta na watu wakagoma mpaka mpango ukafutwa mwaka 1957.

Picha za simu za ukoo mzima, gigabaiti 170. Hati za mashamba, vyeti, barua, gigabaiti 2 tu.

Jumla gigabaiti 900 na ushei. Mpwa aliuliza kwa nini tusifanye nakala ya kila kitu mara tatu, basi. Nikamuuliza naye, moto ukiingia stoo anyakue kipi. Akasema kanda. Nami ningesema hivyohivyo. Negativu zenyewe bado zipo kwenye bahasha zake, hata kama ukungu unazila, lakini kanda ya kaseti kila ukiipiga unaipunguza, na aliyezungumza humo hayupo tena.


Alhamisi, 13 Machi

Tunachokiogopa, kwa mpangilio wa uwezekano na wala si wa ukubwa:

Kwanza mkono wa mtu. Mtoto anafuta folda, mtu mzima anahamisha faili na kusahau alikolipeleka, kirusi kinaingia na flashi ya mteja.

Pili umeme. Kukatika si tatizo, UPS inatupa muda wa kuzima kwa utaratibu. Tatizo ni unavyorudi. Na radi. Huku milimani radi haihitaji ipige nyumba yako, inatosha ipige nguzo ya jirani ipite na waya.

Tatu unyevu. Tuko mita 1,400 hivi juu ya bahari. Julai asubuhi ukungu unaingia hadi sebuleni, na viatu vya ngozi vikikaa kabatini mwezi mmoja vinaota manyoya. Lenzi mbili za mjomba ziliharibika hivyo.

Nne mwizi. Tano moto. Sita mlima.

Hilo la sita mpwa alilicheka, mimi sikucheka. Barabara ya Mombo hadi hapa kupitia Soni ni kilomita 33 hivi, imechongwa ubavuni, na masika ikikolea kifusi kinashuka, mnabaki mkisubiri greda. Miteremko yetu imelimwa mpaka kileleni. Nyumba yetu haiko mahali pabaya, lakini nyumba nyingi zilizokwenda na udongo hazikuwa mahali pabaya mpaka siku ile.

Baada ya hapo tukachukua kila tishio tukaliuliza: diski mbili zilizomo tayari ndani ya seva, si hizi mpya za kwenye maboksi, zinazoandikwa kwa pamoja ili moja ikifa nyingine iendelee, zinasaidia wapi? Jibu: diski ikifa kwa uzee. Basi. Mtoto akifuta, zinafuta zote mbili kwa utii. Radi inazikuta kwenye waya mmoja. Mwizi anabeba boksi zima. Kuna watu wanalala usingizi kwa sababu ya diski mbili za namna hiyo, na wauzaji wa Kariakoo hawana haja ya kuwaamsha.

Wanaoshughulika na mambo haya wana kanuni iliyoenezwa na mpiga picha Mmarekani, Peter Krogh: nakala tatu, juu ya vyombo vya aina mbili, moja ikae mbali. Napenda kwamba ametoka kwenye picha kama mjomba. Ila nadhani idadi ndiyo sehemu rahisi ya kanuni hiyo. La kujiuliza ni jambo gani moja linaweza kuziua nakala mbili kwa mpigo. Machi 2021 kituo cha data cha OVH huko Strasbourg, Ufaransa, kiliungua, na wapo wateja waliokuwa wamelipia nakala rudufu wakagundua kwamba nakala ilikuwa palepale na asili. Zilikuwa mbili kweli, na majivu yake yakawa mamoja.


Jumanne, 18 Machi

Mzee wa misitu amekuja dukani kutoa kopi za karatasi za pensheni. Mvua ikamzuia, tukaongea. Nikamweleza habari za diski, akasema hilo wenzake walilimaliza zamani bila umeme.

Huyu mzee ameshika mimea mikavu maisha yake yote. Hapa Lushoto TAFORI, taasisi ya utafiti wa misitu, wana hebaria, maktaba ya mimea iliyokaushwa na kubandikwa kwenye karatasi ngumu. Akanieleza desturi. Mkusanyaji akikuta mti wenye maua hakati tawi moja. Anakata matawi kadhaa ya mti uleule, anayapa namba ileile, anayakausha, halafu anayatawanya: moja libaki nchini, moja liende Nairobi, moja Kew Uingereza, kwingine na kwingine. Si ukarimu peke yake. Ni kwamba hakuna anayejua ni nyumba ipi itaungua.

Na iliungua. Wakati wa Wajerumani mimea ya Usambara ilipelekwa Berlin kwa wingi. Carl Holst aliizunguka milima hii mwanzoni mwa miaka ya 1890 akikusanya, na wataalamu wa Berlin wakawa wanaipa majina wakitumia karatasi zake. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Machi 1943 mabomu yakaangukia jengo la mimea kule Dahlem, sehemu kubwa ya hebaria ikateketea, pamoja na karatasi nyingi ambazo ndizo zilizokuwa kielelezo cha majina. Jina la mmea kisayansi limefungwa kwenye karatasi moja maalumu, na ikiungua jina linabaki halina mwenyewe. Kilichookoa ni zile karatasi pacha zilizokuwa zimetawanywa. Mpaka leo mtaalamu akishughulikia mmea wa huku uliopewa jina kutoka Berlin, anatafuta pacha yake Kew au kwingineko na kuiteua ichukue nafasi ya iliyoungua.

Hebaria ya Amani nayo, upande wa Usambara Mashariki, ilianzia pale kwenye taasisi ya Wajerumani ya mwaka 1902, ikahamishiwa Nairobi mwaka 1950. Mzee hajaridhika na uhamisho huo hata leo. Nikamwambia kwa upande wa nakala ya mbali si vibaya. Akaniangalia kama mtu aliyesema kitu cha kijinga kwa adabu. "Kilichohamishwa si nakala," akasema. "Kilichohamishwa ni chenyewe."

Akanipa na hili, akiwa tayari mlangoni: karatasi ikifika mahali salama bila lebo, ni nyasi kavu. Lebo inasema wapi, lini, nani, mwinuko gani, maua rangi gani kabla hayajakauka. Nimeliandika. Sijui bado naliweka wapi kwenye mpango.


Jumatatu, 31 Machi. Idi

Swala, pilau, wageni. Dada amepanda kutoka Tanga na watoto. Leo pia, kwa kalenda ya watu wa kompyuta, ni siku ya dunia ya kuhifadhi nakala. Mpwa alitangaza hivyo mbele ya sinia na hakuna aliyemjibu.

Baada ya chakula nikaitisha baraza dogo: mahali pa kuweka diski ya mbali. Mapendekezo matatu.

Mlalo, kwa mama mkubwa. Kila mtu alilipenda, ni nyumbani, kuna sanduku la chuma. Nililikataa mimi. Mlalo ni wingu lilelile, mvua ileile, ukungu uleule, na barabara inayotegemea barabara yetu. Ni mbali kwa miguu tu.

Muscat, kwa binamu. Kwa umbali haina mpinzani. Hata ikipata balaa, na Muscat hupata, kimbunga Gonu cha Juni 2007 kiliifurisha, haitakuwa siku moja na balaa letu. Lakini binamu huja nyumbani kila baada ya miaka miwili, kwa hiyo diski itakuwa nyuma miaka miwili. Tukakubaliana Muscat iwe ya zawadi: akija, anaondoka na nakala ya kanda na hati kwenye flashi, bila ratiba.

Tanga, kwa dada. Pwani, chini kabisa, mlima mwingine hakuna, na basi ni la kila siku. Dada ana duka la madawa, amezoea kutunza vitu kwa tarehe. Hofu yake ilikuwa joto na chumvi ya bahari. Nikamwambia diski iliyozimwa ndani ya kasha lenye pakiti za kukausha unyevu, zile zinazokuja na viatu, inavumilia joto la kabati kuliko ukungu wa hapa. Hofu ya pili: "Na ikiibiwa, mdogo wangu, si watu watatuona mpaka tulivyozaliwa?" Nikamweleza kwamba kila kitu kinafungwa kwa nywila kabla hakijaandikwa, mwizi atapata diski nzuri isiyosema neno.

Akauliza swali ambalo nilikuwa nalingojea: nywila anayo nani?

Hapo ndipo mpango ulipokuwa mwembamba. Programu ninayotumia, restic, haina mlango wa nyuma. Nywila ikipotea hakuna wa kumpigia simu. Nikiikariri mimi tu, basi uhai wa kanda za babu umefungwa kwenye shinikizo langu la damu. Ikikaa pamoja na diski, kufuli na ufunguo vimelala kitanda kimoja. Tumeamua: imeandikwa kwa mkono, herufi kubwa zilizoachana, maneno sita ya Kiswahili yasiyo na uhusiano. Bahasha moja kwa shangazi hapa Lushoto, nyingine kwa kaka Dodoma. Tanga diski bila nywila, Dodoma nywila bila diski.

Shangazi alipokea bahasha akaigeuzageuza. "Sasa mwanangu, mimi nashika nini hapa?"

"Ufunguo, shangazi."

"Wa nyumba ipi?"

"Wa sauti ya baba yako."

Akaiweka kwenye mkoba uleule anaowekea kadi ya kliniki. Kwa shangazi hakuna mahali pa juu zaidi.


Jumatano, 9 Aprili

Hesabu za mtandao, kwa ajili ya mpwa anayeamini kila kitu kinapaswa kwenda "mawinguni", sisi ambao mawingu tunayo mlangoni.

Kasi ya kupandisha hapa nyumbani, usiku, siku njema: megabiti 4 kwa sekunde. Gigabaiti 900 ni megabiti milioni 7.2. Gawa kwa 4, unapata sekunde milioni 1.8, ambazo ni siku 21 usiku na mchana bila kukatika hata dakika moja. Basi la Tanga linafika kabla ya adhuhuri likiwa na terabaiti mbili kwenye buti.

Kwa hiyo mzigo mkubwa unasafiri kwa basi. Kwa mtandao tunapandisha kidogo chenye thamani: hati, orodha, na kanda zilizobanwa kwa namna isiyopunguza sauti. Jumla inashuka hadi gigabaiti 50, kama saa 28 za kupandisha, na kwa bando la usiku ni usiku tano za saa sita. Baada ya hapo yanakwenda mabadiliko tu, dakika chache.

Hifadhi tunakopandisha ni ya kukodi, iko Ulaya. Mpwa akauliza basi Tanga ya nini. Nikamkumbusha Mei 12 mwaka jana, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika upande wa Afrika Kusini, Tanzania nzima tukabaki tunatazama duara linazunguka kwenye simu. Nakala ya Ulaya siku zile ilikuwepo, salama kabisa, na hatukuwa na njia ya kuifikia. Diski ya Tanga hufikiwa kwa nauli.

Akauliza tena: na picha si zipo WhatsApp kwa kila mtu? Zipo, zimebanwa. Nilimpa mfano wa huku kwetu. Mwaka 1892 mkuu wa wilaya Mjerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alimpelekea baba yake Ujerumani ua dogo la zambarau la misitu hii. Mwaka uliofuata Hermann Wendland akalipa jina, Saintpaulia, na leo liko kwenye madirisha ya nusu ya Ulaya. Mtu anaweza kusema limehifadhiwa vizuri kuliko mmea wowote wa Tanzania. Lakini yale ya madirishani yametokana na mbegu chache, yamechanganywa kwa rangi na ukubwa. Msitu ukiisha huwezi kuurudisha kwa kukusanya vyungu vya Hamburg. Picha ya WhatsApp ni ya dirishani.


Jumamosi, 19 Aprili

Siku ya kazi, mvua mfululizo, duka limefungwa mchana.

Kwanza kupunguza. Kwenye kompyuta ya steshenari mlikuwa na skani za wateja: vitambulisho vya NIDA, vyeti vya kuzaliwa, mikataba. Mpwa alidhani nazo ziingie kwenye nakala kwa usalama. La. Si zetu, na tangu Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inafanya kazi. Hata isingekuwepo, kitu usichokiweka hakiibiwi kwako. Tumefuta, na kila jioni zitafutika zenyewe.

Kisha ratiba. Kila usiku saa nane seva inapiga nakala kwenye diski ya nje. Tunabakiza za siku 7, za wiki 4, za miezi 12. Hii ndiyo dawa ya mkono wa mtu: kilichofutwa Machi kinapatikana hata kama tumegundua Septemba. Kwa kuwa programu haiandiki mara mbili kipande kisichobadilika, miezi kumi na miwili haili nafasi mara kumi na mbili.

Diski mbili zinapokezana. Moja hapa, moja Tanga, mwisho wa mwezi zinabadilishana mahali. Hata hapa nyumbani ikimaliza kazi ya usiku inajitoa, na mpwa anaichomoa asubuhi kabla ya shule. Radi haipandi waya ambao haupo.

Halafu namna ya kuiandaa diski. Ukiiandaa kwa mfumo wa Linux, ambao ni imara zaidi, Windows haiisomi. Tuliijaribu dukani kwenye kompyuta ya Windows tuone atakachokutana nacho dada: kisanduku kinachomwambia diski haifai mpaka iandaliwe upya, na kitufe cha kukubali kiko tayari chini ya kidole. Yaani mashine inamwomba kwa upole afute ukoo wake. Tumetumia exFAT, inayosomeka kote. Ubaya wake haivumilii kuchomolewa ghafla, lakini programu ina amri ya kukagua kila kipande, na tutaikagua kabla ya kila safari. Kati ya uimara na kusomeka mikononi mwa dada, nimechagua mikono ya dada.

Ndani ya diski, nje ya kufuli, kuna vitu vitatu tu: programu yenyewe ya Windows, faili dogo la kubofya mara mbili linaloomba nywila, na ukurasa mmoja wa maelekezo kwa Kiswahili. Ukurasa huohuo umechapwa na kukunjwa ndani ya kasha.


Jumapili, 27 Aprili

Diski imeshuka na basi la asubuhi. Kondakta aliuliza kama inavunjika. Nikamwambia ichukulie kama mayai. Dada ameipokea saa sita kasoro.

Barabara ilikuwa wazi, ingawa pale kabla ya Soni wamesema udongo umeanza kumwagika.


Jumamosi, 10 Mei

Jaribio la Tanga. Masharti: mimi sishiki kitu, sisemi kitu, nipo kwenye simu nasikiliza tu. Mpwa naye asimsaidie mama yake. Kompyuta ni ya dada, haijawahi kuona seva yetu.

Sababu ya ukali huu ni kisa cha GitLab. Tarehe 31 Januari 2017 fundi wao mmoja, usiku, amechoka, alifuta data kwenye mashine hai akidhani yuko kwenye nyingine. Walikuwa na njia tano za nakala. Walipozigeukia, moja baada ya nyingine, hakuna iliyokuwa inafanya kazi kama walivyodhani. Wakaokolewa na nakala ambayo mmoja wao aliitoa kwa mkono saa sita kabla, kwa shughuli nyingine kabisa. Kampuni ya mafundi watupu. Kwa hiyo nakala ambayo hakuna aliyeirudisha naihesabu ni tetesi.

Dada alimpigia kaka Dodoma amsomee maneno sita. Kaka akaenda kuitafuta bahasha, tukamsikia akifungua droo, akimuuliza shemeji, akifungua nyingine. Robo saa. Vizuri, sasa kaka anajua iko wapi.

Nywila ikakubali mara ya pili. Ya kwanza dada aliweka herufi kubwa mwanzo wa kila neno, kwa adabu ya uandishi. Nimeongeza mstari kwenye maelekezo.

Kisha mafaili yakaanza kumwagika kwenye kompyuta yake. Gigabaiti kwa gigabaiti. Dada alikwenda kuhudumia wateja akarudi. Mpwa alikuwa anashangilia. Mimi nilikuwa nataka kufunga daftari.

"Sasa," dada akasema, "nifungue lipi?"

Maelekezo yaliishia hapo. Kanda zote zimeitwa kwa namba, 01 hadi mwisho, pande A na B. Picha zimeitwa kama skana ilivyotaka. Akafungua moja ya kanda. Sauti ya mzee, kuku, mtu anakohoa.

"Huyu ni babu?"

"Ndiyo."

"Na anayemuuliza maswali?"

Mjomba, nikasema. Na yule mwanamke anayecheka? Nikanyamaza, maana sijui. Labda shangazi, labda mke mdogo wa babu. Akafungua picha: vijana sita na kombe, ukuta wa mawe nyuma. Wapi? Lini? Ukuta ule naweza kuukisia ni wa soko la hapa. Dada aliyekulia hapa hakuweza, watoto wake ndiyo kabisa.

Kitaalamu jaribio limefaulu, hakuna faili hata moja lililopungua. Lakini aliyerudishiwa hajui amerudishiwa nini. Mzee wa misitu alikuwa mlangoni wakati anasema habari ya nyasi kavu.


Alhamisi, 15 Mei

Mpango umegeuka. Diski zimetulia, zinajiendesha. Kazi iliyobaki haiko stoo.

Nimeanza lebo. Jedwali la safu saba: namba, nani, wapi, lini, lugha, kinachoongelewa, nani amesema hivyo. Safu ya saba ndiyo ninayoing'ang'ania. "Ukuta wa soko, kwa makisio yangu" si sawa na "ukuta wa soko, kwa kauli ya aliyesimama hapo".

Hilo lina mfano wa huku kwetu. Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy alipoandika Habari za Wakilindi, alikuwa ameishi na hao watu, ameketi barazani kwao. Kitabu kikachapwa kwa vijitabu na wamisionari kule Magila. Mwaka 1962 J.W.T. Allen alipokihariri upya kilisomeka, kwa sababu mwandishi alikuwa amesema nani ni mtoto wa nani na nani alimwambia. Babu kwenye kanda ya 14 anataja majina kumi na moja ya watu wa Mlalo waliogomea matuta. Anayataja kama mtu anayeongea na jirani: "yule wa kwenye mto", "mdogo wake na fundi". Wanaoelewa "yule wa kwenye mto" katika ukoo wetu wamebaki wawili, na mmoja hasikii vizuri.

Hakuna diski inayotatua hilo. Nimemwambia mpwa likizo ya Juni tutakwenda Mlalo na spika ndogo.


Jumamosi, 7 Juni. Idi ya kuchinja

Tumekaa na shangazi tangu baada ya nyama mpaka magharibi, kompyuta mapajani kwangu, mpwa anaandika. Mwanamke anayecheka kwenye kanda ni yeye, shangazi. Alikuwa anacheka kwa sababu babu alikuwa anadanganya, anasema, hakuwahi kufungwa siku tatu kwa ajili ya matuta, alilala kituoni usiku mmoja akarudishwa. Tumeandika zote mbili, kauli ya babu na kauli ya shangazi, kila moja na mwenyewe.

Vijana wa kombe: amewataja wanne kati ya sita. Mmoja ni marehemu baba yetu. Mimi nimeiskani picha hiyo kwa mkono wangu, nimeipitisha mbele ya macho, sikumtambua bila ndevu.

Faili la jedwali limeingia kwenye ule mzigo mdogo wa kila usiku. Litachapwa pia karatasini kila mwezi, nakala moja ikunjwe ndani ya kasha la diski. Chombo cha aina ya pili alichokitaka Krogh tunacho kumbe, tena tunakiuza dukani kwa rimu.

Shangazi akauliza kama kwenye hiyo mashine kuna picha ya harusi yake. Ipo, fremu tisa, negativu moja imeingiwa na ukungu pembeni. Akauliza kwa nini basi hana hata moja ukutani, miaka yote hii, na mimi nina duka lenye printa.

Anataka tatu. Ile ya kukaa, ile ya kukata keki, na ile ambayo mumewe amefumba macho, hiyo iwe kubwa. Karatasi ya kung'aa, saizi A4, na fremu za mbao, si za plastiki. Wino wa bluu umebaki kidogo. Nitaagiza Jumatatu, uje na basi lilelile litakaloshusha diski ya mwezi huu.